Kuruka na paraglaida kutoka Iten: hatua kwa hatua, kuanzia kilima kidogo hadi sakafu ya Kerio

Ukisimama kwenye ukingo wa Iten, magharibi mwa Kenya, saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa pili, utaona bonde zima la Kerio limetulia kama maji mtungini. Ukungu mwepesi umelala juu ya mto, moshi wa jikoni kule Tambach unapanda wima, na milima ya Tugen upande wa pili ina rangi ya buluu iliyofifia. Miguu yako iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko chini yako kwa zaidi ya mita 1,200. Baada ya muda moshi uleule utaanza kuinama kuja upande wako. Majani ya ukingoni yatatikisika, na mwewe wa kwanza atapita mbele yako bila kupiga bawa. Hapo siku ya rubani imeanza.

Dunia inaijua Iten kwa wakimbiaji wake. Marubani wa paraglaida na hengi glaida, mabawa ya kitambaa yasiyo na injini, wanaijua kwa ukuta huu wa Elgeyo, na kila Januari wanakuja kutoka Ulaya kukimbia baridi ya kwao. Sisi watu wa Afrika Mashariki bado ni wachache mno ukingoni pale, na jambo hilo linanikera, maana mlima ni wetu na hata upepo wenyewe una jina la Kiswahili. Nimeandika haya kwa ajili ya mtu wa hapa anayetaka siku moja kuruka peke yake kutoka Iten, na hajui aanzie wapi.

Hatua ya kwanza: ruka kama abiria

Kabla ya kununua chochote, ruka na rubani mwenye leseni kwenye paraglaida ya watu wawili. Wewe unakaa mbele, yeye nyuma. Acha simu mfukoni. Tazama mikono yake: ataivuta breki, zile kamba mbili za kuongozea bawa, kidogo sana, mara kulia mara kushoto, karibu muda wote, kama mtu anayemwongoza ng'ombe kwa kamba nyepesi. Tazama pia anatazama wapi. Macho yake yatakuwa mbali, kwenye miti, kwenye vumbi, kwa ndege.

Fanya hesabu ndogo ukiwa kule juu. Paraglaida ya kawaida hushuka mita 1.2 hivi kila sekunde hewa ikiwa imetulia. Kwa urefu wa mita 1,200, una sekunde 1,000, yaani dakika 17 hivi, halafu uko chini. Chochote kinachozidi hapo ni zawadi ya hewa inayopanda. Ukitua umefurahi na tumbo limetulia, endelea na hatua ya pili. Ukitua umeogopa, hilo nalo ni jibu halali, wala hakuna wa kukulaumu.

Hatua ya pili: chagua chombo

Hengi glaida ina mifupa: mabomba ya alumini na kitambaa kilichokazwa juu yake. Rubani analala kifudifudi, anaongoza kwa kusogeza uzito wa mwili. Ina kasi kubwa kuliko paraglaida, na inahimili upepo mkali zaidi. Lakini ina uzito wa kilo 25 hadi 35, na hata ikikunjwa ni mzigo mrefu kama nguzo. Bila gari lenye keria, huendi nayo popote.

Paraglaida haina mfupa. Ni kitambaa na kamba. Umbo lote la bawa linatokana na hewa inayoingia kwenye midomo iliyo ukingo wa mbele, basi. Wafaransa wachache waliokuwa wamezoea miavuli ya kurukia kutoka ndege walianza kukimbia nayo mteremkoni pale Mieussy, katika milima ya Alpi, mwaka 1978, na mchezo ukaenea kutoka hapo. Vifaa vyote vinaingia kwenye begi moja la kilo 15 hadi 20. Unapanda nayo matatu kutoka Eldoret, unashuka Iten, unatembea. Kwa mtu wa kwetu asiye na gari, hoja hiyo peke yake inatosha, na mwongozo huu kuanzia sasa ni wa paraglaida.

Ila kumbuka gharama ya wepesi huo: kitu kilichojengwa kwa hewa kinaweza kukunjwa na hewa.

Hatua ya tatu: jifunze kwenye kilima kidogo, si Iten

Hapa nasema kwa msisitizo wote nilio nao. Iten si darasa la kwanza. Sababu ya kwanza inaonekana wazi: ukikosea hatua, chini ni mbali. Sababu ya pili haionekani. Hewa ya mita 2,400 ni nyepesi, imebaki kama asilimia 79 ya ile ya pwani. Bawa linahitaji mwendo zaidi ili likubebe, karibu asilimia 12 zaidi. Bawa linalopaa kwa kilomita 36 kwa saa ufukweni litataka 40 pale ukingoni. Mtu aliyezoea kukimbia taratibu kwenye mchanga anafika Iten, anapiga hatua zilezile, na ardhi inamwishia kabla bawa halijambeba.

Tafuta mwalimu mwenye leseni na kilima chenye nyasi, mita 30 hadi 50, kisicho na mawe wala nyaya. Kozi ya awali huchukua kama wiki mbili za hali ya hewa nzuri. Utaanza na miruko ya sekunde chache, mwalimu akikuongoza kwa redio. Ukimaliza, omba kadi ya IPPI, kitambulisho cha kimataifa chenye ngazi tano kinachoonyesha umefikia wapi. Ukifika kwenye mlima wowote duniani, watu watakuuliza hiyo kwanza.

Halafu kuna mazoezi ya chini, ambayo wanafunzi wengi huyakimbia. Usiyakimbie. Kama unaishi pwani una bahati kuliko sisi wa milimani: ufukwe mpana wa Diani au Bagamoyo alasiri, upepo wa bahari unaovuma sawasawa bila kuvunjika, ndilo darasa bora kuliko yote. Sisi wengine tuna viwanja vya mpira asubuhi na mapema. Simama ukilitazama bawa, liinue, liweke juu ya kichwa, libaki hapo. Likielemea kushoto, usivute kwa hasira. Tembea kushoto uende chini yake. Fanya hivyo hadi unaweza kuzungumza na mtu huku bawa limesimama juu yako. Saa kumi za mazoezi hayo ndizo nilizoziona zikimtofautisha anayepaa kwa amani na anayeburuzwa kwenye vichaka.

Hatua ya nne: vifaa

Bawa la kwanza liwe la daraja la EN A. Daraja hilo maana yake bawa limejaribiwa na likikunjika hujifungua lenyewe mara nyingi, ilimradi rubani asilizuie. Soma lebo iliyoshonwa ndani: ina kiwango cha uzito, kwa mfano kilo 75 hadi 95. Huo ni uzito wako pamoja na bawa, kiti, nguo, maji, kila kitu. Jipime na begi mgongoni.

Kiti, tunachokiita hanesi, kiwe na mto wa kukinga uti wa mgongo. Mwavuli wa akiba ni lazima, na uwe umefunguliwa na kupangwa upya na fundi ndani ya mwaka. Kofia ngumu, viatu vinavyoshika kifundo cha mguu, glavu, redio, na vario, kile kifaa kinacholia unapopanda. Kisu cha kukatia kamba. Lita mbili za maji, maana Iten utavaa koti na saa moja baadaye uko kwenye joto la Kerio.

Kuhusu bawa lililotumika, sikiliza kisa changu. La kwanza nililonunua niliambiwa limeruka saa 80 tu. Rangi iling'aa, kamba zilikuwa nzima, bei ilinifaa. Siku ya kwanza kilimani lilipanda hadi nusu, likaning'inia nyuma ya kichwa changu kama shuka lililoloa, nikakimbia mteremko mzima bila kupaa. Fundi alipolipima, kitambaa kilikuwa kinapitisha hewa kama chandarua. Lilikuwa limekula jua saa nyingi kupita zile 80. Jua ndilo linaloua kitambaa cha bawa, na macho hayawezi kuliona hilo. Kwa hiyo usilipe hata shilingi kabla ya fundi kupima upitishaji wa hewa na urefu wa kamba, na akuandikie karatasi.

Hatua ya tano: jua msimu, jua saa

Hii ndiyo hatua yenyewe hasa. Mengine yote yanajifunzwa kwa mikono. Hili linajifunzwa kwa kukaa na kutazama.

Kaskazi, upepo uleule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Omani na Ghuba, huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bara nako unafika, ukitokea mashariki na kaskazini-mashariki, mkavu. Ukuta wa Elgeyo unatazama mashariki. Upepo unaupiga ukuta, hauna pa kwenda, unapanda. Wakati huohuo jua la asubuhi linaupiga ukuta huohuo kuanzia linapochomoza, linachemsha miamba na udongo mwekundu, na hewa iliyo juu yake inapata joto. Mambo mawili yanakutana mahali pamoja, wakati mmoja. Ndiyo maana watu wanavuka bahari kuja hapa. Machi ikiisha mvua za masika zinakaribia, mawingu yanakuwa makubwa, na msimu unafungwa.

Hewa ya moto haipandi yote kwa pamoja kama mvuke wa sufuria. Inajikusanya juu ya mahali penye joto, shamba lililolimwa, mabati ya shule, mwamba mtupu, halafu inachomoka kwa kishindo na kupanda kama nguzo. Nguzo hiyo marubani huiita themali. Huioni, lakini unaona kazi yake. Mwewe na tai wanaozunguka bila kupiga mbawa wako ndani yake. Chamchela inayokimbia na vumbi kule bondeni ni mguu wake. Wingu jeupe dogo, tambarare chini na la mviringo juu, ni kichwa chake.

Kimo cha wingu hilo unaweza kukikadiria kabla hujatoka nyumbani. Chukua joto la hewa bondeni, toa kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kuwa matone, kinachoonyeshwa na programu ya hali ya hewa, zidisha mara 125. Tuseme bondeni, kwenye mita 1,100, joto ni nyuzi 32 na umande ni nyuzi 12. Tofauti ni 20. Mara 125 ni mita 2,500. Jumlisha na 1,100: wingu litakaa mita 3,600. Hapo ndipo dari yako ya siku. Na kwa kuwa hewa inayopanda hupoteza karibu nyuzi moja kila mita 100, ukipaa kwenye nyuzi 19 pale Iten utafika chini ya wingu kwenye nyuzi 7. Beba glavu.

Sasa saa. Kwa rubani mpya wa Iten, siku ina saa mbili tu: kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Kabla ya hapo hewa imelala na utateleza tu hadi chini, jambo ambalo kwa miruko ya kwanza ni zuri kabisa. Ndani ya saa hizo mbili hewa inaamka polepole, inakubeba bila kukupiga. Baada ya saa tano mlima unachemka. Kuanzia saa sita hadi saa tisa ni wakati wa watu wenye miaka mingi, wanaokwenda masafa marefu kufuata ukuta. Jioni hewa ya katikati ya bonde hulainika tena, lakini ukuta uko kivulini na hewa baridi huanza kuteremka, usitegemee kubebwa.

Nililijifunza hili kwa gharama. Mwaka wangu wa pili nilichelewa kuamka, nikafika ukingoni saa sita na robo, nikakuta wenzangu wako juu kama nukta. Upepo ulikuja kwa mafungu: kimya, halafu kofi, halafu kimya. Nilijua maana yake. Nikapaa. Mita 100 juu ya miti, upande wa kulia wa bawa ulipotea. Sikusikia kelele, niliona tu kitambaa kimekunjika kuelekea chini kama jani la mgomba, na mlima ukaanza kuzunguka. Bawa lilikuwa la daraja A, nikaegemea kushoto, nikaachia mikono, likafunguka kwa mlio wa shuka linalokung'utwa. Nilitua baada ya dakika 40, magoti yakitetemeka. Hewa haikuwa na kosa lolote siku ile. Ilikuwa saa sita na nusu, na ilifanya kinachofanywa na hewa ya saa sita na nusu.

Kuna ishara tatu za kukunja bawa na kwenda kunywa chai. Upepo ukizidi kilomita 25 kwa saa, au ukija kwa mafungu yenye tofauti kubwa. Wingu likianza kuwa refu kuliko upana wake. Na upepo ukigeuka kutoka magharibi, nyuma yako, kutoka upande wa Eldoret: huo hupita juu ya ukingo na kubingirika upande wa chini kama maji baada ya bwawa. Mbele ya ukuta patakuwa na hewa iliyovurugika isiyo na mwelekeo, hata kama pale ulipo unasikia upepo mwanana tu.

Hatua ya sita: ruhusa, na mahali pa kutoingia

Anga ya Kenya iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na Eldoret ina uwanja wa ndege wa kimataifa, si mbali kwa ndege. Kabla ya msimu wako wa kwanza uliza taratibu za kuruka eneo hilo, na angani baki upande wa bonde. Usiende kuzurura nyuma ya ukingo.

Mahali pa kupaa ni mali ya mtu. Msalimie mwenyewe, lipa anachotoza, uliza wapi hataki utandaze bawa. Marubani wanaoishi Iten wanajua kila tundu la ukuta huo. Kaa nao asubuhi moja bila kuruka. Waulize pia habari za usalama kule kaskazini ya bonde, ambako wizi wa mifugo umesumbua wakazi miaka mingi. Na hifadhi ya Rimoi, kando ya mto, ina ndovu. Kutokea juu ni msitu mzuri wa migunga. Usitue hapo.

Hatua ya saba: shuka chini kabla ya kuruka

Siku moja kabla, panda boda boda ushuke barabara ya Tambach hadi Biretwo, kwenye sakafu ya bonde. Tembea kwenye uwanja utakaotua. Nyaya za umeme hazionekani kutoka angani hata kidogo. Nguzo ndizo zinazoonekana, kwa hiyo tafuta nguzo na uchore moyoni mstari kati yake. Tazama mahali pa moto na moshi, miti mikubwa, mitaro. Kisha inua macho utazame ukingo uliko juu. Chagua pia mahali pa pili pa kutua, karibu zaidi, kwa siku ambayo bonde litakukatalia.

Hatua ya nane: kupaa

Tandaza bawa kama upinde, midomo ikitazama juu, katikati pakiwa mbali zaidi na wewe. Pitia kamba zote kwa vidole. Ukikuta kijiti kidogo kama cha kiberiti kimenasa, kitoe. Kijiti hicho angani ni fundo.

Kisha ukaguzi wa mambo matano, kila mara kwa mpangilio uleule, kwa sauti, hata kama watu wanakutazama. Mwili: kofia imefungwa, buckle za mikanda ya miguu, zote mbili, na ya kifua. Nasema miguu kwanza, kwa sababu mtu aliyesahau za miguu hugundua akiwa tayari ananing'inia kwa makwapa. Viungo: karabina, zile pete zinazounganisha kiti na bawa, zimefungwa, pini ya mwavuli wa akiba iko mahali pake. Bawa: limefunguka, kamba hazijapishana. Upepo: unatoka mbele, nguvu yake unaimudu. Anga: hakuna mtu mbele, juu, wala chini yako.

Kama upepo upo, geuka ulitazame bawa. Vuta mikanda ya mbele, ile inayoshika kamba za ukingo wa mbele wa bawa, taratibu. Angalia: kamba za katikati ndizo zinazokaza kwanza, kisha za pembeni moja moja, kitambaa kinanguruma kidogo, midomo inajaa, na ghafla kile kilichokuwa nguo chini kinakuwa bawa. Hapo usikimbie. Ngoja lifike juu ya kichwa, liguse kwa breki lisikupite, lichunguze lote kutoka ncha hadi ncha. Likiwa si sawa, lishushe, hakuna aibu. Likiwa sawa, geuka, inama mbele kama mtu anayesukuma gari lililokwama matopeni, na kimbia. Usijirushe, wala usikae kwenye kiti mapema. Kimbia hadi miguu ikanyage hewa, halafu piga hatua mbili zaidi.

Hatua ya tisa: angani

Kwanza ondoka kwenye mlima. Ukishakuwa na nafasi, ndipo ukae vizuri.

Kando ya ukuta, geuka kila mara kuelekea nje, bondeni, kwa umbo la nane. Mzunguko kamili ngoja mpaka uwe juu ya ukingo na mbali nao. Ukikutana uso kwa uso na mwenzako, mwenye ukuta upande wake wa kulia ana haki ya njia. Mwenye ukuta kushoto anapisha kwa kwenda kulia, nje. Ndani ya themali, aliyetangulia ndiye aliyechagua upande wa kuzunguka, nyote mnafuata, na aliye chini anapewa nafasi kwa sababu haoni aliye juu yake.

Vario ikianza kulia, hesabu hadi tatu kabla ya kugeuka, uhakikishe umeingia ndani ya themali na si kugusa pembeni yake tu. Mikono iwe na uzito kidogo wa breki, kama unamshika mtoto mkono barabarani. Bawa likikunjika, mambo kwa mpangilio: egemea upande ulio wazi, zuia lisikugeuze kwenye mlima, lipe nafasi lijifungue. Mabawa ya daraja A huharibiwa zaidi na mikono yenye hofu kuliko na hewa.

Na chini ya wingu usikae. Ukiona linakuvuta kwa nguvu inayoongezeka, ondoka ukiwa bado mita 200 chini yake. Kwenye mita 3,600 kichwa nacho hufanya kazi polepole. Ukijikuta unacheka bila sababu au umesahau umeelekea wapi, shuka.

Hatua ya kumi: kutua

Fika juu ya uwanja ukiwa na mita 150 mkononi. Upepo wa bondeni hauna uhusiano na ule wa ukingoni, kwa hiyo usome upya: moshi, vumbi nyuma ya mbuzi, majani ya miembe yanayogeuza upande wa chini. Shuka upepo ukiwa mgongoni, kata kona, kisha elekea upepo kwa mstari ulionyooka. Miguu chini ukiwa mita 50. Usifanye kona ya mwisho karibu na ardhi ili utue mahali pazuri zaidi. Tua pabaya ukiwa umenyooka. Mita moja juu ya ardhi vuta breki zote mbili hadi chini, na utembee.

Ukiona chamchela inavuka uwanja, na bado una kimo, ngoja. Inapita kwa dakika moja au mbili. Ukishatua, liangushe bawa mara moja na ulikunje, maana chamchela inayokuja nyuma yake inaweza kukuinua tena ukiwa umesimama unajipongeza. Kama umebebwa hadi kwenye mgunga na huna njia nyingine, bana miguu pamoja, ziba uso kwa mikono, shika tawi, na kaa hapohapo hadi watu waje.

Watu watakuja. Watoto kwanza, wakikimbia, halafu wazee. Vua kofia na miwani uonekane sura, kisha salimia. Neno la Kikalenjin, *chamge*, litafungua mlango kuliko maelezo yoyote. Siku moja mzee mmoja alinikuta shambani kwake nimepiga magoti, natoa miiba ya mgunga kwenye kamba mmoja mmoja.

"Umetoka wapi, kijana?"

"Iten, mzee. Samahani nimeingia shambani bila hodi."

Alitazama juu ukingoni, akatazama begi, akakaa chini upande wa pili wa bawa na kuanza kutoa miiba pamoja nami. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Kama umekanyaga mahindi au mtama wa mtu, lipa palepale, kabla hujaulizwa, kwa sababu kesho rubani mwingine atatua hapohapo.

Kunja bawa kwenye kivuli. Kung'uta mchanga kutoka midomoni, kagua miiba, usilifunge likiwa na unyevu. Kunywa maji yaliyobaki. Boda boda ya kukurudisha Iten inapatikana Biretwo. Patana bei ukiwa na begi mgongoni, ili dereva aone mzigo kabla ya kukubali. Ukianza kupanda kabla ya saa tano na nusu utafika ukingoni kwa wakati wa kuwatazama wenye uzoefu wakiondoka na hewa ya mchana, nawe uko salama chini ya mti na kikombe chako cha chai.